Lisini na wenzake: Asidi amino katika lishe ya watoto wa nguruwe walioachishwa kunyonya

MIONGONI mwa shehena zinazopakuliwa katika bandari ya Kilindini, upande wa magharibi wa kisiwa cha Mombasa, ni magunia ya kilo 25 yaliyojaa chembechembe za rangi ya kahawia hafifu. Si mbolea wala si dawa. Ni lisini, mojawapo ya asidi amino, na safari yake huishia katika viwanda vya vyakula vya mifugo, ambako huchanganywa kwa gramu chache tu katika chakula cha kuku na cha nguruwe.

Kisiwa chenyewe si makao ya nguruwe. Katika Mji wa Kale, ambako wakazi wengi ni Waislamu, mnyama huyo hafugwi wala haliwi. Wafugaji wa Pwani wako ng'ambo ya maji, na soko lao kubwa ni hoteli za watalii. Wengi zaidi wako mbali na bahari, katika kaunti kama vile Kiambu, Nakuru, Busia na Kakamega.

Hata hivyo, wote hao wanaitegemea Mombasa kwa njia moja au nyingine. Lisini hupitia hapo. Mahindi ya kuagizwa, nchi inapopungukiwa, hupitia hapo pia, na tangu mwaka 2000 nafaka inayoletwa na meli kubwa hupokelewa kwa mitambo na kupelekwa katika maghala ya Shimanzi, kisiwani humo humo.

Swali linalowasumbua wafugaji wengi ni moja: je, mtoto wa nguruwe aliyeachishwa kunyonya anahitaji protini nyingi? Jibu la sayansi ya lishe ni kwamba anahitaji protini iliyo sawa, si protini nyingi. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo inayoamua kama mfugaji atapata faida au atazika mifugo yake.

Asidi amino ni nini

Protini si kitu kimoja. Ni mnyororo wa viungo vidogo viitwavyo asidi amino, ambavyo viko vya aina 20. Chakula kinapoyeyushwa tumboni, mnyororo huo hukatwakatwa, viungo vikaingia katika damu, na mwili ukaviunga upya kujenga misuli, damu, ngozi na kinga dhidi ya maradhi.

Baadhi ya asidi amino mwili huweza kuzitengeneza wenyewe. Nyingine hauwezi, na ni lazima zitoke katika chakula. Kwa nguruwe, zilizo za lazima ni pamoja na lisini, methionini, threonini, triptofani, valini, isolusini, lusini, histidini na fenilalanini.

Mfano wa nyumba za kale za Mji wa Kale unasaidia kulieleza jambo hili. Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Fundi akiletewa mawe ya kujenga nyumba tatu, lakini boriti za nyumba moja tu, atamaliza nyumba moja. Mawe yaliyobaki yatakuwa mzigo uani.

Ndivyo ulivyo mwili wa mnyama. Asidi amino iliyo chache kuliko zote ikilinganishwa na mahitaji ndiyo inayoweka kikomo cha ukuaji. Zilizobaki haziwekwi akiba. Huvunjwa, naitrojeni yake hugeuzwa urea na kutolewa kwa mkojo. Mfugaji huwa amenunua protini kwa bei ghali, kisha mnyama akaimwaga sakafuni.

Kwa nini lisini ndiyo inayotangulia

Katika chakula kilichotengenezwa kwa nafaka, asidi amino inayokosekana kwanza ni lisini. Takwimu za kawaida za lishe zinaonyesha hivyo bila utata.

Mahindi yana protini ya takriban asilimia 8.5, na lisini ya takriban asilimia 0.25. Maana yake ni kwamba katika kila gramu 100 za protini ya mahindi hamfiki gramu 3 za lisini. Protini ya maziwa ya nguruwe jike ina takriban gramu 7 kwa kila gramu 100. Protini ya soya inakaribia kiwango hicho, kwa gramu 6 hivi.

Kwa hiyo siku ambayo mtoto wa nguruwe anaondolewa kwa mama yake na kupewa uji au unga wa mahindi, anahama kutoka chakula chenye lisini tele hadi chakula chenye chini ya nusu yake, kwa kipimo cha protini. Na huo ni wakati ambapo misuli yake inakua kwa kasi.

Udhaifu huo wa mahindi ulijulikana zamani. Lisini ilitambuliwa mwaka 1889 na mkemia Mjerumani Edmund Drechsel, aliyeitoa katika protini ya maziwa. Mwaka 1914, Thomas Osborne na Lafayette Mendel wa Marekani walionyesha kwamba panya waliolishwa zeini, protini kuu ya mahindi, kama chanzo chao pekee cha protini walikonda. Walipoongezewa triptofani walidumisha uzito wao, na walipoongezewa lisini pia, wakaanza kukua.

Kilichobaki kilikuwa bei. Katika miaka ya 1950 wanasayansi wa Japani, akiwemo Shukuo Kinoshita, waligundua bakteria wa udongoni ambaye angeweza kulishwa sukari na kutoa asidi amino kwa wingi. Kuanzia hapo lisini ikawa bidhaa ya kiwandani. Leo hii lisini, threonini na triptofani hutengenezwa kwa uchachushaji wa sukari ya mahindi au ya miwa, ilhali methionini ya mifugo kwa kawaida hutengenezwa kwa kemia.

Yanayotokea tumboni baada ya kuachishwa kunyonya

Katika mashamba makubwa ya Ulaya watoto wa nguruwe huachishwa kunyonya wakiwa na umri wa majuma matatu au manne. Wafugaji wadogo wa Afrika Mashariki wengi hungoja hadi majuma sita au manane. Kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo mshtuko unavyokuwa mkubwa, lakini hata wa majuma manane haukwepi.

Kwa siku mbili au tatu za mwanzo hula kidogo mno. Vinyuzi vidogo vinavyofunika ukuta wa utumbo mwembamba, ambavyo ndivyo vinavyofyonza chakula, hufupika. Tumbo lake bado halitoi asidi ya kutosha, na vimeng'enya vya kuyeyushia protini ya mimea havijakamilika.

Mfugaji anayemwona mtoto amesimama kukua huenda akaamua kumwongezea protini. Hapo ndipo kosa linapoanza. Protini isiyoyeyushwa hupita hadi katika utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha na kutoa amonia na sumu nyingine. Mazingira hayo huwafaa bakteria waharibifu, hasa aina za E. coli zinazosababisha kuhara. Mtoto aliyekuwa akihitaji lisini kidogo huwa amepewa kiini cha ugonjwa.

Kwa miaka mingi tatizo hilo lilifunikwa kwa antibiotiki zilizochanganywa katika chakula. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006, na mwaka 2022 ukapiga marufuku pia viwango vikubwa vya oksidi ya zinki vilivyokuwa vikitumiwa kuzuia kuhara. Hatua hizo zimerudisha macho ya wataalamu kwenye chakula chenyewe.

Njia inayopendekezwa ni kushusha protini ya jumla, kisha kufidia asidi amino chache zinazopungua. Mwaka 2006 Martin Nyachoti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada walichapisha utafiti uliolinganisha vyakula vyenye protini ya kuanzia asilimia 23 hadi 17, vilivyoongezewa asidi amino, kwa watoto wa nguruwe walioachishwa mapema. Protini iliposhushwa, amonia tumboni na urea katika damu zilipungua.

Faida nyingine ni ya jirani. Kwa makadirio ya kawaida, kila protini ya chakula inaposhushwa kwa pointi moja ya asilimia, naitrojeni inayotolewa katika kinyesi na mkojo hupungua kwa takriban asilimia 10. Penye nyumba zilizosongamana, harufu ya zizi ni jambo linaloweza kumfikisha mfugaji kwa chifu.

Kiasi gani kinahitajika

Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2012, linaweka lisini inayoyeyushwa katika utumbo mwembamba kuwa asilimia 1.50 ya chakula kwa nguruwe wa kilo 5 hadi 7, asilimia 1.35 kwa wa kilo 7 hadi 11, na asilimia 1.23 kwa wa kilo 11 hadi 25. Viwango hivyo ni vya mifugo ya kisasa inayokua haraka. Nguruwe wa kienyeji, au chotara anayekua polepole, huhitaji pungufu ya hapo.

Asidi amino nyingine hupimwa kwa kulinganishwa na lisini. Lisini ikihesabiwa kuwa 100, methionini pamoja na sistini zinapaswa kukaribia 57, threonini 61, triptofani 17 na valini 65. Uwiano huo ndio wataalamu wanaouita protini kamilifu. Kuongeza lisini peke yake bila kuutazama uwiano ni kuhamisha pengo tu: boriti zikishapatikana, chokaa ndiyo itakayokwisha.

Hesabu ifuatayo inaonyesha jinsi jambo hili linavyofanyika kwa kilo 100 za chakula cha watoto wa nguruwe wenye uzito wa zaidi ya kilo 10.

Mchanganyiko wa kwanza una mahindi kilo 62, mashudu ya soya kilo 35, na kilo 3 za madini, chumvi na vitamini. Soya ikiwa na protini ya asilimia 46 na lisini ya asilimia 2.9, mchanganyiko huo utakuwa na protini ya asilimia 21 hivi na lisini ya jumla ya asilimia 1.17.

Mchanganyiko wa pili una mahindi kilo 72, soya kilo 25, na takriban kilo 2.5 za madini, chumvi na vitamini. Bila nyongeza, protini yake ni asilimia 17.6 na lisini yake asilimia 0.9 tu, kiwango ambacho kingewadumaza. Lakini ukiongezwa gramu 350 za lisini ya dukani, ambayo kwa kawaida ina asilimia 78 ya lisini halisi, lisini hupanda hadi asilimia 1.18. Gramu 100 za methionini na gramu 90 za threonini hukamilisha uwiano.

Kwa maneno mengine, kilo 10 za soya zimeondolewa, na mahali pake pameingia kilo 10 za mahindi na takriban nusu kilo ya asidi amino. Lisini ni ile ile, ilhali protini imeshuka kwa karibu pointi nne.

Je, ni nafuu? Jibu hubadilika kila msimu. Mfugaji hana budi kulinganisha bei ya kilo 10 za soya na bei ya kilo 10 za mahindi ikijumlishwa na ya gramu 540 za asidi amino. Soya nyingi inayotumiwa Kenya hutoka nje ya nchi, kwa hiyo inapoadimika hesabu huegemea upande wa lisini. Mahindi yanapopanda bei kwa ukame, faida ya fedha hupungua, ingawa faida ya afya ya matumbo hubaki.

Malighafi za Pwani

Si kila protini inayopatikana kwa urahisi inafaa. Mashudu ya nazi, ambayo Pwani inayo, yana protini ya takriban asilimia 20, lakini lisini yake ni haba na nyuzinyuzi zake ni nyingi kwa tumbo changa. Mashudu ya alizeti yana kasoro iyo hiyo. Mashudu ya pamba yana sumu ya gosipoli, na hayafai kwa watoto wa nguruwe.

Samaki ni bora zaidi. Unga wa samaki ulio safi una protini ya asilimia 60 au zaidi na lisini ya karibu asilimia 5. Taabu ni usafi wake. Omena wa Ziwa Viktoria, wanaouzwa nchini kote, mara nyingi huwa wamekaushwa juu ya mchanga, na mchanga huo hupimwa pamoja nao kwenye mizani. Kipimo rahisi ni kutia konzi ya unga katika glasi ya maji: mchanga huzama na kubaki chini.

Soya mbichi haifai hata kidogo, kwa kuwa ina viini vinavyozuia kuyeyushwa kwa protini. Ni lazima ipikwe au ikaangwe. Lakini ikiungua, sehemu ya lisini hushikamana na sukari na mnyama hawezi tena kuitumia, hata kama kipimo cha maabara kingali kinasema protini imo. Vivyo hivyo kwa samaki waliokaushwa kwa moto mkali.

Makombo ya hoteli huwavutia wengi kwa sababu ni rahisi. Kwa watoto walioachishwa majuzi hayatabiriki, kwani leo ni wali na kesho ni mabaki ya nyama. Zaidi ya hayo, makombo yenye nyama ya nguruwe huweza kueneza homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa usio na tiba ambao ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1921 kutokana na visa vilivyoonekana Kenya.

Kuchanganya na kuhifadhi

Gramu 350 katika kilo 100 ni kama punje chache katika kikapu. Zikimwagwa pamoja juu ya rundo, nguruwe mmoja atakula nyingi na mwingine hatapata kitu. Utaratibu unaoshauriwa ni kupima kwa mizani ndogo, kuchanganya asidi amino zote na kilo moja ya unga wa mahindi, kisha kuchanganya hiyo na kilo 10, na mwisho na chakula chote.

Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi mwaka mzima, na lisini hufyonza unyevu ikagandamana. Inafaa ihifadhiwe katika chombo kinachofungwa, juu ya ubao, mbali na ukuta. Mfuko usio na lebo, uliofunguliwa na kugawanywa dukani, haumpi mnunuzi njia yoyote ya kujua kilichomo. Nchini Kenya sheria ya mbolea na vyakula vya mifugo, pamoja na viwango vya shirika la KEBS, inataka chakula kinachouzwa kiwe na maelezo yake.

Unyevu huo huo huotesha ukungu kwenye mahindi. Sumu ya aflatoksini iliwaua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, na mifugo nayo haisalimiki. Hakuna kiasi cha lisini kinachoweza kuyaokoa mahindi yaliyooza.

Joto la Pwani, kwa upande mwingine, lina sura mbili. Mtoto aliyeachishwa kunyonya anapenda joto la nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi, ambalo Mombasa inampa bila gharama ya makaa wala umeme. Akishakua, joto hilo humpunguzia hamu ya kula. Kwa kuwa mwili huzalisha joto unapovunja protini ya ziada, chakula chenye protini ya wastani na asidi amino zilizokamilika humfaa hata wakati huo.

Mipaka yake

Asidi amino hazichukui nafasi ya maji safi, zizi kavu wala chanjo. Pia protini haiwezi kushushwa bila kikomo. Ikishushwa sana, asidi amino nyingine ambazo haziuzwi kwa urahisi madukani, kama vile valini na isolusini, huanza kupungua, na ukuaji hurudi nyuma. Kwa mfugaji asiye na mtaalamu karibu, kushuka kwa pointi tatu au nne kutoka asilimia 21 kunatosha.

Dalili za upungufu hazina alama ya pekee. Watoto wa uzao mmoja hupishana ukubwa, manyoya huparara, na hula bila kuongezeka. Mfugaji anayewapima kila juma kuanzia siku ya kuachishwa kunyonya hugundua mapema kuliko anayengoja macho yamwambie.

Kanuni hii ya kukamilishana si ngeni Mombasa, hata mahali ambapo nguruwe hatajwi. Kifungua kinywa cha mahamri kwa mbaazi za nazi, kinachouzwa kila asubuhi katika Mji wa Kale, kinaunganisha ngano, iliyo haba wa lisini, na mbaazi, zenye lisini nyingi. Ugali kwa maharagwe hufanya kazi hiyo hiyo. Wapishi waliyagundua hayo kwa uzoefu, karne nyingi kabla ya maabara kuyapa majina.

Mfugaji wa nguruwe hana anasa ya kungoja karne. Ana majuma mawili baada ya kuwatenga watoto na mama yao, na katika majuma hayo gramu 350 zilizopimwa vyema na kuchanganywa sawasawa zaweza kufanya kazi ambayo kilo 10 za soya hufanya, bila kuwaletea tumbo la kuhara.